Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujenga chapa kwa kanga na ukili

Karakana yetu iko Ng'ambo, mjini Unguja. Tunashona mito, mikoba, magauni na vitambaa vya meza kwa kanga, na tunauza mikeka na makapu ya ukili, yaani ukanda unaosukwa kwa majani ya mkindu, kazi ya kina mama wa Unguja na Pemba. Maswali yanayotufikia ni mengi, zaidi kutoka kwa wabunifu wachanga wanaotaka kuanza kazi kama hii, na mengine kutoka kwa wateja. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Najibu kwa tuliyoyapitia sisi visiwani. Palipo na tofauti na Bara nimesema.

Nianze na nini: jina, nembo au bidhaa?

Bidhaa, na iwe moja. Nembo nzuri juu ya kitu kilichoshonwa ovyo haimsaidii mtu.

Sisi tulianza na mto. Mzigo wa kwanza tulikata mito ya mraba, sentimita 50 kwa 50, kama ile inayouzwa kila mahali. Kanga ilikuwa nyekundu na nyeupe, nzuri sana, na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lilikuwa "Wema hauozi". Fundi aliikunja kati kwa kati, akakata kwenye mkunjo ili asipoteze kitambaa. Mto mmoja ukabaki na "Wema ha", wa pili ukabaki na "uozi". Hakuna aliyeona kosa, hata mimi, kwa sababu macho yetu yalikuwa kwenye maua. Mama mmoja wa makamo akanunua ule wa kwanza, akaurudisha kesho yake. Hakudai fedha. Aliuweka juu ya meza ya kukatia, akapitisha kidole kwenye maandishi, akasema, "Mwanangu, kanga hii umeikata ulimi."

Siku ile tuliacha mraba. Tulitandika sakafuni kanga zote tulizokuwa nazo, tukapima jina la kila moja. Mengi yalikuwa kati ya sentimita 60 na 80. Basi tukachora mto mrefu, 40 kwa 95, unaobeba jina zima na ukanda wa pindo chini yake. Nyuma tunaweka kitambaa cha marekani kisichotiwa rangi, ndani sufi. Mto huo ndio watu wanatujua nao leo, na haukutoka kwenye daftari la michoro. Ulitoka kwenye vipimo vya kanga yenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, nitakwambia: chukua kitu unachotaka kukitumia, kiweke mbele yako, na ujue kila sehemu yake inaitwaje na ipo kwa nini. Kanga ina pindo ukingoni, ina mji katikati, ina jina. Asiyejua sehemu hizo atakata tu kitambaa chenye maua.

Lakini kanga si yetu kwa asili, imetoka nje. Kwa nini tuiite utamaduni wa hapa?

Swali hili hulipenda sana wanafunzi wa ubunifu, na ni swali zuri. Ni kweli vitambaa vyenyewe kwa muda mrefu vilichapishwa mbali: Uingereza, Uholanzi, Uswisi, India, Japani. Hata neno leso, ambalo Mombasa bado wanaliitia vazi hili, limetoka kwenye Kireno. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za kufutia jasho zikiwa bado hazijakatwa, wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza kitambaa kizima chenye sura hiyo. Jina la kanga inasemekana lilitokana na madoadoa ya mapambo ya mwanzo, yaliyofanana na ndege kanga. Maneno yakaja baadaye, mwanzoni kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi tunazoandikia leo.

Nani basi alikuwa mbunifu? Kiwanda cha Ulaya kilichapa kilichoambiwa. Walioamua sura ya nguo, maneno yake na siku ya kuivaa walikuwa wanawake wa Unguja, Mombasa, Lamu na kwingineko pwani. Mfanyabiashara aliyeleta kanga wasiyoitaka ilimdodea. Ndiyo maana naiita yetu bila kusita. Viwanda vya hapa navyo vikaja: Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na kikachapisha kanga ambazo mama zetu wengi walizivaa.

Na ukitaka kuona chapa ya zamani kweli, soma kanga za Mombasa zilizoandikwa "Mali ya Abdulla". Ni alama ya duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 katika mtaa ambao leo ni Biashara Street. Kwa vizazi kadhaa wanawake wameingia dukani wakaitaja alama ile kwa jina.

Nitajuaje kwamba natumia utamaduni bila kuudhalilisha?

Hapa ndipo wabunifu wengi wanapojikwaa, na si kwa ubaya, ni kwa haraka. Mimi nina mambo manne ambayo fundi wangu yeyote anayajua kabla hajashika mkasi.

La kwanza nimeshalisema: jina halikatwi.

La pili, maneno yenye jina la Mungu hayakaliwi wala hayakanyagwi. Kanga za dua ziko nyingi, na zinapendeza. Tunazishonea pazia, kitambaa cha ukutani, au tunaziacha doti nzima, yaani jozi ya kanga, kama zilivyo. Hatuzifanyi mto wa kukalia, wala kitambaa cha mlangoni, wala mfuko wa viatu. Mteja akitaka hivyo tunamweleza kwa upole na tunamtafutia nyingine.

La tatu ni kisutu. Kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ni ya harusi. Mgeni anaona rangi tatu zinazopendeza mezani. Bibi yangu anaona bi harusi. Tunaitumia, lakini kwa vitu vya harusi: mfuko wa kuwekea zawadi, kifuniko cha sinia, khanzu fupi ya mama wa bi harusi. Mtu akifungua mzigo wetu wa kisutu, ajue kuna harusi.

La nne ni hadithi. Usibandike kwenye lebo maelezo usiyoyajua. Unguja utasikia kila aina ya tafsiri za milango yetu ya kuchonga: mnyororo una maana hii, samaki ana maana ile, misumari ya shaba ni ya kuzuia tembo. Tembo gani wa Mji Mkongwe? Misumari ile ni pambo, na mtindo wake umetoka Bara Hindi. Mafundi wa milango waliobaki wanaweza kukueleza tofauti ya mlango wa kizingiti cha mstatili na ule wa tao, na nani alipenda upi. Nenda ukawaulize. Kama hujapata jibu, andika tu "nakshi ya mlango wa Unguja", na hapo umesema kweli.

Naweza kutumia shuka la Kimaasai, michoro ya Tingatinga, au nakshi za kabila jingine?

Unaweza kushirikiana nao. Kuchukua na kwenda zako ni jambo jingine.

Tingatinga wengi hudhani ni mtindo usio na mwenyewe, kama vile mistari au madoa. Una mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za mraba, akafariki mwaka 1972. Wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wana chama chao cha ushirika hadi leo, wanachora na wanauza. Ukitaka ndege wa Tingatinga kwenye kikombe chako, kuna watu hai wa kuzungumza nao na kuwalipa. Wamaasai nao, wa Kenya na wa Tanzania, wamekuwa wakidai haki juu ya jina na sura yao inayotumiwa na makampuni ya dunia nzima. Ukiwa Mtanzania haina maana kila kitu cha Mtanzania mwenzio ni chako kuuza.

Sisi tumeamua kubaki na vya pwani, kwa sababu ndivyo tunavyovijua. Si lazima kila mtu aamue hivyo.

Sheria inasemaje kuhusu sanaa za jadi na michoro ya kanga?

Tanzania Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003. Kwa ofisi za hakimiliki, Bara nenda COSOTA, Zanzibar nenda COSOZA. Sheria ya Bara ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, hivyo ukitaka kufanya biashara na ngoma, nakshi au hadithi ya jamii nje ya mazingira yake, uliza kwanza kama unahitaji kibali.

Kuhusu kanga, tofautisha mambo mawili. Kununua doti dukani na kuishona mto ni jambo moja. Kuupiga picha mchoro wa kanga ya mtu, kuupeleka kiwandani na kuuchapisha kama wako ni jambo jingine kabisa. Mchoro ule ulilipiwa na mtu. Ukitaka kuchapisha, chora wako.

Methali hazina mwenyewe mmoja. "Haba na haba" huwezi kuimiliki, na usijaribu.

Jina la chapa nilisajili wapi?

Kwenye wakala wa usajili wa biashara: Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA. Wengi hawajui kwamba alama ya biashara iliyosajiliwa Bara haikulindi Zanzibar, wala ya Zanzibar haikulindi Bara. Ni sheria mbili na daftari mbili. Kama unauza pande zote, sajili pande zote. Bara usajili wa mwanzo ni wa miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10.

Halafu alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na hapa fedha za watu hupotea. Nguo ni daraja la 25. Vitambaa na foronya ni la 24. Mto wenyewe uliojazwa ni la 20. Mikoba ni la 18, mikeka ni la 27, sabuni na marashi ni la 3. Kila daraja lina ada yake. Usilipie yote kwa ndoto. Lipia yale unayouza sasa na lile moja unalolijua utaliingia mwakani.

Kusajili jina la biashara si kusajili alama ya biashara. Cheti cha jina la biashara hakimzuii mwenzio kuuza mito yenye nembo kama yako.

Je, naweza kuchagua neno la Kiswahili la kawaida kuwa jina la chapa?

Ukichagua neno linaloitaja bidhaa yenyewe, mfano "Kanga" kwa kanga, utakataliwa, na ni haki. Neno hilo ni la wote. Yameshatupata: katika miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" huko kwao, watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na ombi likaondolewa. Disney nao walisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa ajili ya fulana, na mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki na kwingine walitia saini kulalamika.

Mimi nasema tafuta neno lililolala. Kiswahili kina maneno ya ufundi ambayo hayatumiki sana mjini, ya majahazi, ya ususi, ya mapishi. Muulize mzee. Lakini pia muulize maana zake zote, maana kuna maneno ambayo Unguja ni ya heshima na Mombasa ni tusi.

Ukili unapatikanaje, na kwa nini mkeka unachukua muda mrefu?

Kwa sababu kazi huanza kwenye mti. Jani la mkindu huvunwa likiwa changa, kabla halijafunguka, na mvunaji mzuri huacha machanga mengine ili mti usife. Majani huanikwa juani mpaka yawe meupe, hupasuliwa nyembamba, yanayotakiwa rangi huchemshwa, kisha huanikwa tena. Ndipo kusuka kunaanza. Msukaji hulowesha majani kidogo ili yasikatike, anasuka ukanda mwembamba mrefu, na huo ukanda ndio ukili. Mkeka hautokei mpaka ukili ushonwe, mzunguko kwa mzunguko, ukingo kwa ukingo.

Bibi mmoja anayetusukia Pemba hupima ukili wake kwa pima. Hunyoosha mikono yote miwili, ncha ya ukili kwenye vidole vya kushoto, akauvuta mpaka vidole vya kulia, akasema "moja", akaanza tena, huku anakuhadithia habari za mvua na za mjukuu wake aliyefaulu mtihani. Safari moja nilikuwa na futi kamba, nikahakiki kwa siri. Pima zote zilikuwa sawa.

Mkeka wa kulalia, kwa mtu mwenye mji wa kuutunza, shamba la kulima na watoto wa kuwalea, ni kazi ya wiki kadhaa. Mteja anayetaka 40 kwa siku kumi simpi matumaini. Na ratiba ina mambo yake: masika, Machi hadi Mei, majani hayakauki vizuri na mikeka inaota kuvu, hivyo tunahifadhi mzigo wa kutosha kabla mvua hazijaanza. Ramadhani kazi hupungua, kama inavyopaswa.

Wasukaji na mafundi mnawalipaje?

Bei ya mkeka anaitaja msukaji. Sisi hatupatani kuishusha. Kama hatuiwezi, tunaomba mkeka mdogo zaidi au usio na rangi nyingi, lakini kazi ile ile kwa bei ya chini hatuombi. Tunatoa nusu mwanzoni, kwa sababu mkindu na rangi hununuliwa kwa fedha taslimu, na nusu iliyobaki tunaitoa siku ile ile mzigo unapopokelewa. Sio "njoo wiki ijayo". Nauli ya Pemba kuja Unguja kudai elfu ishirini inakula zile elfu ishirini.

Rangi ikitofautiana kidogo na sampuli, hasara ni yetu, isipokuwa tulileta rangi sisi wenyewe na maelekezo yakafuatwa vibaya. Mafundi wa cherehani tunawalipa kwa kipande, na kipande kilichoharibika kwa sababu ya mchoro wangu kinalipwa kama kilichofaulu.

Naandika haya yote kwa uwazi kwa sababu ninaamini hapa ndipo chapa ya namna hii inaposimama au kuanguka. Watu huniambia "unalinda utamaduni". Utamaduni wa ukili ni mikono ya wanawake wachache katika kila kijiji. Binti wa msukaji akiona mama yake halipwi, hatasuka, na mimi nitabaki na nembo yenye picha ya mkeka.

Picha za wasukaji mnazitumia kwenye matangazo?

Kwa ruhusa yao tu, na baada ya kuiona picha wenyewe. Wengine wanapenda mikono ionekane, uso usionekane. Basi ni mikono.

Bei ya kuuzia niipangeje?

Andika kila kitu. Nitatoa mfano wa mto mrefu kwa hesabu za mviringo, weka zako. Tuseme kipande cha kanga ni shilingi 7,000, sufi 8,000, marekani na vifungo 3,000, ushonaji 6,000, lebo na mfuko 1,000. Hapo una 25,000. Wengi huishia hapo, wakauza 30,000, wakajiona wamepata. Bado hujaweka kodi ya karakana, umeme, sindano zilizovunjika, kanga iliyotoa rangi ikaharibu nyenzake, na siku uliyokwenda sokoni kuchagua. Kwangu hayo yanafika kama elfu 5 kwa kila mto. Gharama ya kweli ni 30,000.

Sasa lazima uwe na bei mbili: ya jumla na ya rejareja. Ya jumla, tuseme 45,000, ndiyo inayokulisha. Ya rejareja iwe karibu mara mbili ya hiyo, kwa sababu duka linalokuuzia nalo lina kodi na wafanyakazi. Ukiuza mwenyewe kwenye maonesho kwa 50,000 wakati duka lako linauza 90,000, umemgeuka mwenzio, na hatachukua tena mzigo wako.

Hoteli au duka wakitaka mali kauli, yaani wachukue mzigo na kulipa wakishauza, nikubali?

Mwanzoni sisi tulikubali kila aliyeomba. Duka moja la watalii lilikaa na mikeka yetu miezi saba. Tuliporudishiwa, mingine ilikuwa imepauka upande mmoja kwa jua la dirishani, na fedha ya iliyouzwa ilikuja vipande vipande. Wasukaji walikuwa wameshalipwa, kwa hiyo shimo lilikuwa letu.

Leo mali kauli tunatoa kwa sharti: mzigo mdogo, karatasi yenye sahihi, siku 30, na kilichoharibika mikononi mwa duka kimenunuliwa. Anayekataa masharti hayo tunamkaribisha anunue taslimu kwa bei ya jumla, na wengi hukubali.

Niwalenge watalii au wenyeji?

Watalii wana msimu. Kwetu Juni hadi Oktoba na mwisho wa mwaka hali ni nzuri, Aprili na Mei barabara ni tupu. Corona ilipokuja mwaka 2020 tuliona maduka yaliyotegemea wageni peke yao yalivyofunga milango. Mwenyeji ana harusi, ana Sikukuu, ana mtoto aliyezaliwa, ana nyumba mpya.

Lakini sababu kubwa kwangu si msimu. Mteja wa hapa anasoma. Mgeni atanunua kanga iliyoandikwa maneno ya mafumbo akamzawadia mama mkwe wake bila kujua amembebea nini. Mwenyeji anachagua jina kwa dakika ishirini, anacheka, anampigia dada yake simu kumsomea. Yeye ndiye anayekwambia kama umepatia. Lebo zetu zinaanza kwa Kiswahili, na tafsiri iko chini, pamoja na maana ya jina kwa mgeni anayetaka kujua anabeba nini.

Mbona hamuuzi kitenge?

Kitenge ni kizuri na kina mafundi wake. Hakina jina, basi.

Wenzangu wakiniiga nifanyeje?

Mto mrefu umeshaigwa. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikakaa nikauangalia ule wa mwenzetu, nikaona amelikata jina. Umbo hutaweza kulizuia kirahisi. Alama yako iliyosajiliwa unaweza kuitetea, na mchoro wako mwenyewe wa kanga unaweza kuutetea, kwa hiyo tunza michoro ya awali yenye tarehe. Mengine ni kufanya kazi vizuri zaidi na kutoa kitu kipya kabla wale hawajamaliza kuiga cha zamani.

Mtaji wa kuanzia ni kiasi gani?

Cherehani moja nzuri iliyotumika, doti kumi, na fedha za kumlipa fundi miezi miwili hata kama hujauza. Usikope kwa ajili ya duka lenye kioo. SIDO kwa walio Bara hutoa mafunzo na ushauri kwa viwanda vidogo, na maonesho ya Sabasaba Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kupima kama watu wasiokujua watatoa fedha.

Nawezaje kupeleka bidhaa nje ya nchi?

Nguo na mito ni rahisi kuliko mikeka. Ukili ni mmea, na nchi nyingine, Australia hasa, hukagua kwa makini kitu chochote cha majani. Uliza mapema habari ya cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili wa bidhaa. Funga vitu vikiwa vikavu kabisa, siku ya jua, wala si jioni. Tuliwahi kufunga jioni yenye unyevu, na boksi likafunguliwa mwezi mmoja baadaye likiwa na harufu ya kuvu. Tulirudisha fedha zote.

Kanga nikainunua, nikashona, ikatoa rangi. Nini kimetokea?

Hukuifua kabla ya kukata. Kanga mpya ina wanga na rangi ya ziada. Iloweke maji baridi, ifue peke yake mara mbili, ianike kivulini, kisha pima upya kwa sababu itakuwa imerudi. Kanga huwa kama sentimita 150 kwa 110 ikiwa mpya. Usiamini vipimo hivyo baada ya maji. Bidhaa zetu zote zimeshafuliwa, lakini nyekundu na nyeusi bado zifue peke yake mara ya kwanza.

Nina kanga za marehemu bibi yangu. Mnaweza kunishonea kitu?

Ndiyo, na ni kazi ninayoifanya mwenyewe, siwapi mafundi. Njoo nazo zote, hata zilizochanika. Tutazitandaza na kuyasoma majina pamoja kabla ya kukata chochote. Safari iliyopita alikuja kaka mmoja na dada zake wawili, wana doti nne za mama yao. Moja ilikuwa na alama ya moto wa jiko karibu na pindo. Nilitaka kuikwepa alama ile, dada mkubwa akanishika mkono. Tuliiacha iwe katikati.

Zilete zimefuliwa lakini hazijapigwa pasi, na kama zina harufu ya udi au asumini uliyoikuta kabatini, usizifue.